Dakika Moja ya Njuga

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Sindano ya kwanza leo. Zimebaki hamsini na tisa.

Sista Munyiva wa zahanati amenipa kadi ya manjano ya kuandika hali yangu kila siku isipokuwa Jumapili. Nafasi iliyoachwa inatosha neno moja. Mimi niko na maneno mengi, kwa hivyo nimenunua daftari hili.

Kifua kikuu kimenirudia. Mwaka wa tisini na nne nilimeza vidonge miezi mitatu, nikapata nguvu, nikaacha. Sista alinisikiliza mpaka mwisho bila kunigombeza. Akasema, "Basi Nthenya, mara ya pili vidonge peke yake havitoshi. Ni vidonge na sindano, siku sitini. Na unisikize vizuri, mwiitu. Masikio yakianza kulia, ama kichwa kizunguke, uniambie siku hiyo hiyo." Aliniita mwiitu, yaani binti kwa Kikamba.

"Nikikuambia?"

"Nasimamisha sindano."

Nimerudi nyumbani nikiwa nimebeba neno hilo moja tu, kusimamisha. Kaka yangu Kaveke alisimamisha sindano wiki ya tano, mwaka wa themanini na tisa. Alisema matako yamechoka. Tulimzika kabla ya Krismasi.


Alhamisi, 9 Oktoba

Kazini nimesema ni nimonia. Meneja amenipa wiki tatu. Mimi ndiye mpokea simu wa shamba la maua, na nimemwachia msichana wa stoo hedseti yangu. Kila mtu ananiambia pole, na kila pole inanitisha. Wakijua ni TB watasema ni ule ugonjwa mwingine.


Jumapili, 12 Oktoba

Saa hizi wako kwa Burale bila mimi.

Burale ana duka la redio na vitambaa karibu na stendi ya Kitengela. Kila Jumapili, akishaswali adhuhuri, anateremsha mlango wa bati nusu, anatoa mashine ya santuri, na watu watatu tunasikiliza Ngazi Saba: yeye, mimi, na Wahome anayeuza ploti. Tumefanya hivyo miaka mitano. Ngazi Saba walikuwa vijana watano wa Nairobi waliopiga roki ya vipande virefu, kipande kimoja upande mzima wa santuri, na wakaimba kwa Kiswahili wakati kila mtu alitaka nyimbo za dakika tatu za kucheza dansi. Walitoa santuri tatu, kisha wakatawanyika. Burale anaapa kwamba hakuna kinachoshinda ile ya kwanza, *Chumvi ya Magadi*. Wahome ni wa *Mchwa*, ya pili, kwa sababu ya magitaa. Mimi ni wa *Nyumba Isiyo na Paa*, ya mwisho, na hao wawili wanasema ni ya watu wenye huzuni.

Santuri zote tatu ni zangu. Kaveke aliniachia.

Nimewaambia nimeenda Kimana kumsaidia shangazi kung'oa vitunguu. Uongo mdogo. Sista amesema nisikae karibu na watu mpaka dawa ishike.


Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua imeanza. Sindano ya kumi na moja. Kwenye kadi nimeandika: sawa.


Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Sawa.


Jumatano, 29 Oktoba

Kikohozi kimeisha. Nimeongeza kilo mbili. Sista amesema naweza kukaa na watu sasa, siambukizi tena. Nililia mbele yake, akanipa pamba ya kujifutia kwa sababu hakuwa na kitambaa.

Barabara ya zahanati imekuwa matope meusi yanayovua watu viatu. Nimekwenda na kurudi pekupeku, viatu mkononi.


Jumapili, 2 Novemba

Nimerudi kwa Burale! Faysa, bintiye wa miaka miwili, alinikimbilia akanirukia mapajani kama zamani. Nilisita kidogo kabla ya kumshika. Kisha nikakumbuka maneno ya Sista, nikamshika.

"Vitunguu viko wapi?" Wahome akauliza. "Mtu anatoka Kimana mikono mitupu?"

"Vilioza kwa mvua."

"Na wewe mbona umekonda? Shangazi alikuwa anakunyima chakula?"

Burale akamwambia aache kelele, ana habari. Kuna kampuni ndogo huko Ujerumani imetoa upya santuri zote tatu za Ngazi Saba kwenye CD. Imesafisha sauti, imeweka picha za zamani na kijitabu. Binamu yake anayeishi huko amezinunua na ameshazituma.

Wahome akaanza hapo hapo. "CD ni plastiki. Wanasafisha mpaka wanang'oa nyama."

"Hujasikia hata moja."

"Sihitaji kusikia. Mimi naongea juu ya kanuni."

Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa. Nilitembea kurudi nyumbani chini ya mvua bila mwavuli.


Jumanne, 4 Novemba

Sindano ya ishirini na sita. Jioni nilidhani ni mvua juu ya mabati. Mvua ikakatika, lakini sauti ikaendelea: nyembamba kama nyenje, ndani ya sikio la kulia.

Pengine ni uchovu.


Jumatano, 5 Novemba

Nyenje bado yuko. Sasa wako wawili, kila sikio na wake.

Sista aliuliza, "Masikio?" Nikasema, "Sawa." Kadi imeandikwa sawa. Zaidi ya nusu ya sindano bado zimebaki, na sitaki kufa kama Kaveke.


Ijumaa, 7 Novemba

Nilipoinama kuokota sabuni bafuni ukuta ulinijia. Niliangukia magoti. Mama wa nyumba ya pili alinitazama nikitoka nikishika ukuta, akamwambia mwenzake kwa Kikamba, akisahau kwamba nakijua, kwamba huyu msichana ameanza kunywa asubuhi.

Afadhali adhani ni pombe.


Jumapili, 9 Novemba

CD zimefika. Naandika yote, kwa sababu sijui niamini nini.

Burale alizifungua kwa wembe taratibu, kama anapasua jipu. Tukapokezana vile vijitabu. Tulisikiliza *Chumvi ya Magadi* kwanza kwa sababu duka ni lake, na hata Wahome alikubali kwamba ngoma zimekaa mahali pake. Kisha tukaweka yangu.

Katikati ya kipande kirefu cha *Nyumba Isiyo na Paa* kuna mahali ambapo gitaa, besi, kinanda na ngoma vinanyamaza vyote pamoja. Linabaki jambo moja tu: jozi ya njuga, zinatikiswa polepole, mbali, kama mtu anavuka uwanda peke yake, amezifunga mguuni. Dakika moja nzima. Ndipo kinanda kinarudi. Kwangu mimi ile dakika ndiyo santuri yenyewe. Kaveke alikuwa akizima taa tunapoifikia.

Vyombo vikanyamaza. Nikangoja.

Hakuna kitu. Nyenje wangu, na mvua nje. Nikamtazama Burale, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikangoja tena. Kinanda kikaingia.

"Wamezikata!" nikapiga kelele. "Wamekata njuga!"

Burale akainua kichwa. "Njuga gani zimekatwa?"

"Zile! Wameacha pengo tupu. Dakika nzima ya kimya!"

"Nthenya, zilikuwa hapo. Tena safi kuliko kwa santuri."

"Rudisha."

Akarudisha. Vyombo vikanyamaza. Kimya. Kama asingekuwapo Wahome ningelia pale pale, lakini Wahome alipiga meza ngumi.

"Nilisema mimi! Pengo! Hizo mashine zao zinadhani njuga ni takataka, zinafagia!"

"Wahome, wewe pia huzisikii?" Burale akauliza.

"Nasikia hewa."

Wakabishana nusu saa. Burale alisema tuna masikio ya chuma. Wahome alisema Burale amelipa posta na sasa anasikia alichokilipia. Mimi nilishukuru moyoni. Watu wawili kati ya watatu hawazisikii. Basi kosa liko kwenye CD. Kosa haliko kwangu.

Tumekubaliana Jumapili ijayo nilete santuri ya zamani, tulinganishe.


Jumatatu, 10 Novemba

Nilimngoja Wahome nje ya ofisi yake ya ploti, nikamuuliza tena, taratibu, kama ni kweli hakuzisikia. Akaapa kwa kaburi la baba yake.

Nimelala vizuri. Kadi: sawa.


Alhamisi, 13 Novemba

Mvua haijaacha siku nne. Mto umefunika daraja, magari ya kampeni yamekwama upande wa pili na vipaza sauti vyao vinaendelea kuahidi. Mimi nasikia mngurumo tu, maneno sisikii. Lakini wako mbali.


Jumapili, 16 Novemba

Hatukukutana. Duka la Burale limeingia maji, na nimesikia Garissa imekatika kabisa. Mama yake, Mama Najah, yuko huko, na hakuna simu inayopita. Fosiya, mkewe, anasema Burale halali usiku.


Jumatano, 19 Novemba

Sindano ya thelathini na tisa.

Saa nne asubuhi simu iliita kazini, ambako nimerudi tangu mwanzo wa mwezi. Ilikuwa sauti ya kike, ya haraka, kutoka uwanja wa ndege: lori la maua liende lango namba... Nilisikia tisa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikasikia tisa. Lori likaenda lango la tisa, likakaa hapo saa mbili. Lilikuwa lango la sita. Ndege iliondoka bila maua yetu.

Meneja hakupaza sauti. Au labda alipaza. Nilikuwa naangalia mdomo wake, na nikagundua kwamba nimekuwa nikiangalia midomo ya watu wiki nzima. Maneno yanakuja yakiwa yameng'olewa meno. Sauti za s, za f, za sh, zimekwenda.

"Ukikosea tena," alisema, na hilo nililisikia lote.

Nilijifungia chooni. Nikajiambia, ni laini ya simu. Mvua imeharibu nyaya. Wahome pia hakuzisikia njuga.

Zimebaki ishirini na moja. Nivumilie ishirini na moja tu.


Ijumaa, 21 Novemba

Sista alinishika kidevu, akanitazama machoni. "Una uhakika uko sawa? Unatembea kama mtu yuko kwa mashua."

"Ni matope, Sista."

Akatazama foleni mlangoni. Akachoma.


Jumapili, 23 Novemba

Nitaandika yote ya leo.

Nilikwenda na santuri nimeifunga kwa nailoni mbili. Duka linanuka unyevu, vitambaa vimeanikwa juu ya vichwa vyetu. Burale macho mekundu. Mama yake bado hajapatikana. Faysa alikuwa sakafuni akicheza na vifuniko vya chupa. Wahome hakutokea, alikuwa na mteja wa ploti huko Mashuuru.

"Tungoje wiki ijayo," nikasema.

"Hapana. Nipe kitu cha kunisahaulisha."

Akaiweka santuri. Nilikaa nimefumba macho. Tulifika mahali penyewe. Gitaa likanyamaza, besi, kinanda, ngoma.

Kimya.

Hii ilikuwa santuri yangu, ambayo nimeisikia mara mia tatu. Hakuna Mjerumani aliyeigusa. Mikwaruzo yake naijua kama makovu ya magoti yangu. Na ndani yake hapakuwa na njuga wala mikwaruzo. Palikuwa na nyenje wangu tu, wakilia.

Na bado, nisije nikajulikana, nikaanza kutingisha kichwa. Polepole, kwa mapigo ninayoyakumbuka. Nikatabasamu hata. Nikasema, "Unaona? Hizo hapo. Hizo ndizo walizokata."

Nikaendelea kutingisha. Nikangoja kinanda. Hakikuja. Nikaendelea, nikangoja, nikaendelea.

Nilipofumbua macho Burale alikuwa amesimama juu ya mashine, ameushika ule mkono mdogo wa mashine, wenye sindano ya santuri, kwa vidole viwili, juu hewani.

"Sindano nimeiinua zamani, Nthenya," alisema.

Nikatazama santuri ikizunguka bure.

"Wiki ile nilikuona. Nikadhani labda mimi ndiye nimekosea. Leo nikasema nijue." Alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Walaal, una nini?"

Na kwa sababu aliniita dada kwa Kisomali, nilimwambia. Yote. Kwamba hakukuwa na Kimana. Kwamba ni kifua kikuu, mara ya pili. Sindano, kadi, nyenje, lango la sita.

Nilidhani atanishika mkono. Alisimama. Alirudi hatua moja nyuma, kisha ya pili, mpaka mgongo ukagusa rafu. Akamtazama Faysa.

"Agosti," alisema. "Agosti ulikuwa unakohoa hapa. Jumapili zote. Na huyu alikuwa mapajani mwako."

"Sikujua, Burale. Nilidhani ni vumbi."

"Ulijua dalili zake. Si ni mara ya pili?"

Hilo ni kweli. Agosti sikujua. Lakini Agosti niliogopa kujua.

Akamwinua mtoto, akampitisha mlango wa nyuma kwa Fosiya. Aliporudi alikuwa ameshika santuri yangu, ameshairudisha ndani ya ganda lake na kuifunga nailoni vizuri, kama mtu anayefunga mzigo wa mgeni asiyerudi.

"Nenda, Nthenya. Nenda kwanza. Niko na mama sijui kama yuko hai. Siwezi na hii."

Nimetembea kilomita mbili. Nimeanguka mara mbili. Santuri haikuvunjika.


Jumatatu, 24 Novemba

Sindano ya arobaini na tatu. Sista akauliza masikio. Nikasema sawa.

Ndiyo, nimesema sawa. Hata sasa. Nikisema kweli, sindano zitasimama na nitakufa. Nikinyamaza, nitaishi ndani ya kisima. Nimepiga hesabu nikaona kisima ni afadhali.

Halafu namfikiria Faysa akikohoa.


Jumanne, 25 Novemba

Wahome alikuja. Sikumsikia akibisha. Niliona mlango unatikisika tu.

Aliingia na matope hadi magotini, mtu ambaye huwa hakanyagi nje bila viatu vya kung'aa. Burale alikuwa amemwambia. Nikangoja asimame mlangoni kama mwenzake. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Sauti yake ni nzito, bado naipata karibu yote.

"Nthenya, mimi nilizisikia."

"Nini?"

"Njuga. Ile siku ya CD. Nilizisikia vizuri sana. Nilitaka tu tumshinde Burale."

Nilimtazama. "Uliapa kwa kaburi la baba yako."

"Niliapa."

"Nilikuamini. Nimechomwa sindano kumi na tatu juu ya neno lako!"

Sijui nilipaza sauti kiasi gani, ila majirani walitoka. Nilimtupia kikombe. Kilimpata begani. Hakuinuka. Aliokota kikombe, akakiweka juu ya meza, akasema, "Nitupie tena ukitaka. Lakini kesho nakupeleka kwa huyo Sista, na utasema. Ukikataa nitasema mimi, na wewe unajua ninavyopenda kusema."

"Nitakufa, Wahome. Kaveke aliacha sindano akafa."

"Aliacha sindano tu?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu. Nikakumbuka kopo la vidonge vya Kaveke chini ya kitanda chake, tulilolipata baada ya mazishi. Lilikuwa limejaa.


Jumatano, 26 Novemba

Wahome alinishika mkono njia nzima, si kwa mapenzi, ni kwa sababu bila kushikwa naelekea mtaroni. Mama wa nyumba ya pili alituona. Wahome akamsalimia kwa nguvu, "Habari ya asubuhi, mama!" mpaka akaingia ndani.

Sista alikuwa anavuta dawa kwenye bomba. Nilisimama.

"Sista, nimekuwa nikidanganya."

Akaweka bomba chini.

Nilimwambia masikio yanalia tangu tarehe nne. Alifunika mdomo kwa mkono. Akachukua kadi yangu, akapitisha kidole juu ya kila sawa, moja baada ya nyingine, mpaka akafika mwisho. Nilingoja anigombeze. Alikaa kitini akavua kofia yake.

"Nami nilikuona unayumba nikachoma," alisema. Alikuwa anaongea chini, Wahome akanirudilia maneno karibu na sikio. "Nilikuona. Kulikuwa na watu hamsini kwenye foleni."

"Nitakufa sasa?"

"Nani amekuambia?"

Nikamsimulia Kaveke. Akatingisha kichwa. "Kaka yako hakufa kwa kuacha sindano. Alikufa kwa kuacha vyote. Wewe umechomwa arobaini na nne, na vidonge hujaruka hata siku moja. Au hapo pia ulidanganya?"

"Hapo sikudanganya."

"Basi vidonge vitamaliza kazi. Daktari nitamweleza leo. Na usikize, mwiitu, kilichokwenda masikioni sijui kama kitarudi. Mara nyingi hakirudi. Lakini kilichobaki hatukitoi tena."

Akachukua lile bomba lililokuwa limejaa dawa, akaimwaga kwenye sinki.

Kisha akauliza nani wengine walikuwa karibu nami nilipokuwa nikikohoa. Nikataja kazini. Nikamtaja Wahome. Nikataja nyumba ya Burale, na mtoto.


Ijumaa, 28 Novemba

Siku ya tatu bila sindano. Kila nikikohoa natazama kitambaa. Hakuna damu. Nimeamka mara nne kutazama.


Jumanne, 2 Desemba

Wahome amepimwa, hana. Anatembea akimwambia kila mtu kana kwamba amepita mtihani.

Burale na Fosiya wamempeleka Faysa. Sista amemchoma kidogo kwenye ngozi ya mkono, majibu ni baada ya siku tatu. Alinipita Burale kwenye mlango wa zahanati. Hakunitazama. Mtoto alininyooshea mikono, baba yake akaivuta.


Jumatano, 3 Desemba

Mvua.


Alhamisi, 4 Desemba

Mvua. Sijala.


Ijumaa, 5 Desemba

Faysa hana kitu. Sista mwenyewe alikuja kuniambia, kwa miguu, mwavuli umegeuka nje ndani. Niliketi chini kwenye maji mlangoni.


Jumatano, 10 Desemba

Nairobi, kupima masikio. Wahome alikuja nami. Barabara ya Mombasa ni ziwa, tulichukua saa nne.

Waliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakanivalisha hedseti. Kijana aliyevaa koti jeupe alisema niinue mkono kila nitakaposikia kitu, hata kama ni kidogo namna gani. Akafunga mlango. Kuna dirisha la kioo, nje yake alikaa huyo kijana na mashine, na nyuma yake Wahome, kofia mapajani.

Nilimwona kijana akibonyeza. Nikangoja. Akaandika. Akabonyeza. Nikangoja. Akaandika. Nilitaka kuinua mkono kwa uongo, mwili wote ulitaka, nimeuzoea. Niliushikilia mkono kwa mkono wa pili. Akabonyeza, akaandika. Nilimwona Wahome akiinamisha uso.

Sijui ni dakika ngapi. Niliogopa kuliko siku ya santuri, kwa sababu safari hii hapakuwa na pa kujificha.

Halafu, chini kabisa, kama mtu anapuliza juu ya mdomo wa chupa. Nikainua mkono. Akabonyeza. Nikainua. Nikainua tena. Nje ya kioo Wahome alikuwa amesimama.

Kijana alinichorea. Mstari unakwenda sawa upande wa kushoto, kisha unaporomoka kama ukingo wa machimbo. Sauti za juu zimekwenda, hazirudi. Za katikati zimeumia kidogo. Za chini ziko zote. Akasema ningemaliza zile sindano, mstari wote ungeporomoka.


Jumamosi, 13 Desemba

Makohozi ni safi. Hii ndiyo ingekuwa sindano ya sitini. Vidonge ni mpaka Juni.

Naendelea kuogopa. Nilidhani kuogopa kutaisha siku ya habari njema.


Jumatatu, 15 Desemba

Nilikwenda kwa meneja kabla hajaniita. Nikafunga mlango, nikamwambia haikuwa nimonia, nikamweleza lango la sita. Alivuta kiti nyuma kidogo, kisha akaona aibu akakirudisha. Simu nimeondolewa. Nitakuwa stoo ya masanduku, na msichana wa stoo atabaki na hedseti. Aliniomba msamaha yule msichana, kana kwamba ameniibia.


Alhamisi, 18 Desemba

Simu imepita Garissa. Mama Najah yuko hai, alikuwa juu ya paa la shule na majirani, kisha wakabebwa kwa helikopta. Wahome ndiye aliyeniambia. Burale hajatuma neno.


Jumapili, 21 Desemba

Wahome alisema twende. Nikasema sitakwenda mahali nilipofukuzwa. Akasema atakwenda peke yake na kumwambia Burale kwamba *Chumvi ya Magadi* ni muziki wa kuuzia mbuzi, na hakutakuwa na mtu wa kuwaamua. Nikavaa viatu.

Mlango wa bati ulikuwa nusu. Nilisimama nje, mvua ikinipiga mgongoni, nikashindwa kuinama kupita. Fosiya alinifungulia. Faysa alikuwa amemshika ushungi, akauachia, akanijia, na Fosiya hakumzuia.

Burale alikuwa nyuma ya kaunta, akisema jambo huku amegeukia rafu. Nilisikia mngurumo tu.

Miezi hii yote ningesema ndiyo, ningetabasamu, ningetingisha kichwa.

"Burale," nikasema, "mimi sisikii vizuri. Na sitapona hiyo. Kama unataka nikusikie, ongea ukiniangalia."

Akageuka. Amezeeka kwa mwezi mmoja.

"Nimesema nilikukasirikia," akasema, polepole, mdomo wazi. "Nimesema bado nimekasirika, kidogo. Na nimesema nilikuona umeanguka hapo barabarani siku ile, na sikutoka. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi, si mama."

Nikamwambia kweli. "Mimi pia ningekuwa na mtoto, nisingetoka."

"Ungetoka," akasema.

Wahome akavua kofia yake.

Burale akatoka nyuma ya kaunta. Akabeba kiti chake, akakipitisha juu ya mabunda ya vitambaa, akakiweka mbele yangu kabisa, magoti yake karibu yaguse yangu, mahali ambapo mwanga wa mlangoni unamwangukia usoni. Akakaa. Akajifuta mdomo kwa kiganja, kama mtu anayesafisha dirisha.

"Haya," akasema. "Tubishane."